Jogoo wa Posa Nyuma ya Choo

Nilianza kufuga kuku kwa hasira. Siku moja nilinunua mayai sokoni hapa Kasongo, nikavunja la kwanza juu ya kikaango mbele ya mgeni wa mume wangu, na ndani yake akatoka kifaranga aliyebakiza siku chache tu kuanguliwa. Mgeni akaomba ruhusa ya kuondoka. Mume wangu akasema, bila hata kucheka, kwamba rafiki yake hakuwa ameagiza nyama. Nikaapa palepale kwamba yai jingine litakaloingia jikoni kwangu nitakuwa namfahamu mama yake.

Kuku nilikuwa nawajua tangu utotoni. Kwetu walilala jikoni, karibu na kuni, na asubuhi sisi watoto tulijikuna pamoja nao. Kila mwaka mama yangu alianza na kuku wengi, na kila mwaka alimaliza na wawili watatu waliokonda, nasi tukasema ni jicho la jirani. Jirani naye, kuku wake wakiisha, alisema ni jicho letu. Ujirani uliharibika kabisa kwa ajili ya wadudu ambao hakuna aliyewahi kuwatazama usoni.

Mimi sikutaka hadithi za jicho. Nikamtafuta mtu wa mifugo, yule ambaye hapa mjini tunamwita veterineri hata siku ambazo hana dawa wala sindano. Alikuja kwa pikipiki, amevaa buti za mpira, akanywa chai yangu yote, kisha akanifundisha.

"Mama, adui ya kuku haiko mwewe," alisema. "Mwewe unamuona. Adui iko mudogo."

Akawataja: chawa wanaokaa kwenye manyoya, utitiri wanaojificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku, viroboto wanaojishikiza usoni mwa kuku wasitoke hata ukiwavuta, na minyoo tumboni. Kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyojikuna. Mume wangu, aliyekuwa amejifanya hasikilizi, alikuwa anajikuna zaidi yangu.

Nikajenga banda la kunitosha mimi na hasira yangu. Lilisimama juu ya nguzo, na kila nguzo niliisimamisha ndani ya kopo lenye mafuta machafu niliyoomba kwa mafundi wa pikipiki, ili siafu wakija wazame. Sakafu ilikuwa ya mianzi yenye nafasi, kinyesi kianguke chini. Fito za kulalia nilizilainisha kwa kisu, nikapaka yale mafuta kwenye kila kiungo ambacho utitiri angeweza kukiona kama nyumba. Viota niliwekea majani makavu niliyoyaanika juani, na chini yake majani ya tumbaku. Beseni lililovunjika nililijaza majivu, kuku waoge humo. Mume wangu aliuliza kama yeye naye angepata zamu ya kuoga.

Kuku wa kwanza niliwachagua sokoni mmoja mmoja. Nilimfunua kila mmoja bawa, nikampuliza manyoya ya shingo, nikamgeuza nikamwangalia chini ya mkia. Mwenye kuku akachoka.

"Mama, uko unanunua kuku ao uko unamutafutia mutoto yako bwana?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Ningejua yaliyokuwa mbele yangu nisingecheka kwa raha kiasi kile.

Sheria ya mwisho ya veterineri ndiyo aliyoirudia mara nyingi kuliko zote. Kuku mgeni asiingie bandani. Afungwe mbali kwanza, wiki mbili, apakwe majivu, atazamwe. Akikaa salama ndipo achanganywe na wenzake. "Karantini, mama. Hata kama kuku iko ya imamu." Nikatafuta mahali pa karantini. Kiwanja chetu si kikubwa, na sehemu pekee ambayo kuku wangu hawakufika ilikuwa nyuma ya choo. Nikachomeka kigingi hapo, nikaridhika, nisifikirie zaidi.

Wa kwanza kuonja sheria alikuwa veterineri mwenyewe. Aliporudi kutazama banda, nilimsimamisha nje na beseni la maji ya sabuni.

"Buti," nikamwambia.

"Mama, ni mimi."

"Njo wewe, wewe hasa, unatoka kwenye mabanda ya watu wote."

Akaziosha, amenuna. Habari ikazunguka mtaa mzima, na tangu siku hiyo majirani wakaliita banda langu ambasadi, yaani ubalozi. Mtu akipita aliuliza kwa sauti kama leo wanatoa viza. Sikujali. Kuku wangu walikuwa na vilemba vyekundu vya kung'aa, na mayai yao yalikuwa na kiini cha rangi ambayo sokoni nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nawapenda, nasema wazi. Asubuhi nilikuwa nawaamkia kabla sijamwamkia mume wangu.

Wakati huohuo binti yangu mkubwa alikuwa amepata mtu. Ni mshonaji, na si mwanamke wa maneno mengi. Wachumba wawili waliotangulia aliwapa chai, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi kwenye cherehani yake. Huyu wa tatu alikuwa kijana kutoka Wamaza anayeleta mchele sokoni kwetu, na binti yangu aliniambia sentensi moja tu: "Mama, njo huyu." Nilimzaa mimi, nilijua kwamba huyu akikosekana, wa nne hatakuwepo.

Wakwe wakaja kuposa msimu wa mvua, kwa pikipiki mbili, wamejaa matope mpaka magotini. Walikuwa baba mdogo wa kijana, ambaye ndiye msemaji wao, na mama yake kijana, mwanamke mrefu, mkulima, mkono wake mgumu kuliko wa mume wangu. Pikipiki ya pili ilikuwa imening'iniza jogoo na mtetea, vichwa chini. Baba mdogo aliwachukua kwa mikono miwili na kutoa hotuba.

"Tumesikia mama wa hapa ameanza kufuga. Tukasema hatuwezi kuya mikono mitupu kwa mutu anaanza. Hii njo mbegu ya kwetu. Mama ya kijana njo aliilea mwenyewe. Ikae na za kwenu, zizae pamoja."

Zawadi nzuri kuliko hiyo hakuna mtu angeweza kuifikiria. Jogoo alikuwa mwekundu, mkia wake wa kijani unang'aa, kifua kama cha mtu mwenye cheo. Nikainama kumpokea, nikamtazama usoni. Kuzunguka macho yake yote mawili kulikuwa na punje nyeusi, zimebanana, kana kwamba amevaa miwani. Mtetea naye alikuwa na miwani yake. Walikuwa viroboto, na walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona katika maisha yangu.

Nilitabasamu, nikashukuru, nikawapeleka kuku uani. Huko nikafanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Niliwafunga kwenye kigingi kwa kamba laini, nikawapaka majivu chini ya mabawa, shingoni, kifuani, chini ya mkia, mpaka jogoo mwekundu akawa wa kijivu kama jiwe la jikoni. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikarudi kupakua wali na samaki, nimejaa fahari. Nilijiona mwanamke wa kisasa kuliko wote wa Kasongo.

Walipokwisha kula, mama wa kijana akaomba kwenda uani. Binti yangu akamwelekeza choo.

Alikaa huko kidogo tu. Aliporudi hakuketi pale alipokuwa ameketi mwanzo, aliketi karibu na mlango. Nikamletea maji ya kunywa. Akayapokea, akayaweka chini bila kuyagusa. Baba mdogo aliendelea kuzungumzia barabara na mvua, lakini alikuwa anamtazama shemeji yake kwa pembeni, na hotuba yake ikawa fupi fupi mpaka ikaisha. Wakaaga. Hawakusema watarudi lini kusikia jibu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani wamechoka na safari.

Siku chache baadaye motari aliyekuwa amewabeba, mwenye ile pikipiki iliyoleta kuku, alisimama mlangoni kwetu bila kuzima injini.

"Mama, wananituma niulize kama hapa kwenu kuna matanga. Wanasema jogoo yao mumeipaka majivu kama mutu wa kilio, tena mumeifunga nyuma ya choo. Wanasema kama ni vile, watakuya kuichukua."

Akaondoka. Kuchukua jogoo maana yake ilikuwa kuchukua na maneno waliyokuja nayo. Hilo halikuhitaji veterineri wa kulieleza. Mume wangu alipunguza sauti ya redio.

"Veterineri alisema hata ya imamu," akasema. "Hakusema ya mukwe."

Binti yangu alikuwa kwenye cherehani. Afadhali angepiga kelele. Aliinuka, akamimina mawese kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akaenda nyuma ya choo. Nilimfuata kwa mbali. Alikuwa amechuchumaa, amempakata jogoo, anachovya kidole kwenye mawese na kumpaka kuzunguka macho, taratibu, maana nilikuwa nimemwambia kwamba mafuta huwanyima viroboto pumzi. Akawa anafanya hivyo asubuhi na jioni, kwa jogoo na kwa mtetea. Mara moja nilimsikia akimwambia jogoo, "Vumilia."

Mtu atauliza kwa nini sikumfungua siku ileile. Nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa pale bandani, inataga. Nilikuwa na kuku wa kwanza maishani mwangu walio wazima, vifaranga wao wa kwanza wakitembea nyuma yao, na nilijua kinachokaa kwenye uso wa yule jogoo. Tena mimi ni mbishi. Nilijiambia kwamba watu wazima wakielezwa vizuri wataelewa, kwa hiyo nikaanza kuandaa somo.

Wakaja. Safari hii hawakuwa na zawadi. Baba mdogo alikubali kiti. Mama wa kijana alikataa, akasimama palepale mlangoni. Niliwachukua mpaka nyuma ya choo, nikatoa somo langu lote. Nilisema chawa, nikasema utitiri, nikasema viroboto, wanaanguliwa wapi, wanahamaje. Nikachukua kijiti cha ufagio na kuwaonyesha waliobaki usoni mwa jogoo, mmoja mmoja. Nadhani hata veterineri hakuwahi kufundisha vizuri kiasi kile. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, macho yake kwenye kijiti.

"Nimesikia," akasema. "Kwetu kuku hizi zinalala na sisi, lakini tuseme iko vile unasema. Sasa mama, kama jogoo yetu itachafua nyumba yako, mutoto yetu je? Yeye pia alilala na kuku hizi. Mutamupaka majivu? Na binti yenu akikuya kwetu, sisi tumufunge wapi?"

Nikashusha kijiti. Baba mdogo alitazama chini. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kifuniko cha mawese mkononi. Hakunitazama mimi, alikuwa anaitazama ile kamba.

Nikainama, nikaifungua. Wiki mbili hazikuwa zimetimia, hata nusu yake ilikuwa kwa shida. Nikampangusa jogoo majivu kwa ncha ya kitenge changu, nikamkumbatia kifuani, nikavuka kiwanja chote mbele ya macho yao. Nilikuwa nawasikia viroboto wakihamia shingoni kwangu. Kuku wangu walikusanyika mlangoni mwa banda, wakidhani nimeleta chakula. Nilisimama hapo kidogo nikiwaangalia, vilemba vyao vyekundu, vifaranga wao. Kisha nikafungua mlango.

"Karibu nyumbani," nikamwambia jogoo, kwa sauti, wote wasikie. Nikarudi kumchukua mtetea, naye nikamwingiza.

Jogoo alijikung'uta wingu zima la majivu. Akaruka mpaka kwenye ufito wa juu kabisa, akamsukuma jogoo wangu chini, akawika. Baba mdogo ndiye aliyecheka kwanza. Mume wangu akafuata. Mama wa kijana alimtazama jogoo wake muda, halafu akaja akaketi kwenye kiti, kiti kilekile cha siku ya kwanza.

"Mama," akaniambia, "kama maji iko, ninaomba."

Binti yangu aliyaleta mbio mpaka mengine yakamwagika njiani.

Yaliyofuata bandani yalikuwa kama nilivyoeleza kwenye somo, hatua kwa hatua, bila kosa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuthibitishiwa maneno yake vizuri hivyo. Kuku wangu wakaanza kujikuna, kisha wakavaa miwani, kisha vilemba vikapauka. Mayai yakakoma. Vifaranga, wao damu yao ni kidogo, wakaanza kulala asubuhi wasiinuke. Nililia. Nilikaa juu ya ndoo mbele ya banda, nikalia kwa sauti, na jirani aliyechungulia juu ya ua hakuuliza habari za viza.

Veterineri akaja, akasimama mbali.

"Mama, nani alivunja karantini?"

"Mimi."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Nilikuwa naozesha mutoto."

"Dawa ya hiyo sina," akasema. Safari hii aliosha buti wakati wa kutoka, bila mtu kumwambia, na alizisugua kuliko siku ile nilipomlazimisha.

Kazi nikaanza upya. Nilichoma majani yote ya viota. Nilimwaga maji ya moto kwenye kila ufa, nikapaka mafuta machafu, nikabadilisha tumbaku, nikafagia chini ya banda na kuchoma takataka. Binti yangu na mimi tulikaa uani tukipaka kuku mawese usoni, mmoja baada ya mwingine, yeye ananishikia, mimi napaka, kisha tunabadilishana. Tulizungumza mambo mengi siku hizo, ambayo kabla ya hapo hatukuwahi kuyazungumza. Mpaka harusi inafika kuku waliobaki walikuwa wazima, na yule jogoo alikuwa mnene kuliko bwana harusi. Mtu mmoja alipendekeza tumchinje kwa karamu. Nilimtazama mpaka akaondoka jikoni.

Miezi ikapita, nikaenda Wamaza kumtazama mtoto wangu nyumbani kwake. Sikwenda mikono mitupu. Nilimchagua kuku wangu bora, mtetea mweusi mwenye kuatamia vizuri, nikamkagua kila unyoya. Hakuwa na chawa, hakuwa na kiroboto, miguu imeoshwa. Nilimweka kwenye kikapu chenye kifuniko, nikambeba mapajani njia nzima, na kila pikipiki iliporuka shimoni nilimwomba radhi.

Binti yangu alinipokea kwa vigelegele. Akanikumbatia, akachukua kikapu, akashukuru kwa mikono miwili, akatabasamu, akatokomea nacho nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake alikuwa shambani. Nikaketi, nikanywa maji, nikaona binti yangu anakawia. Nikainuka kumtafuta.

Kuku wangu alikuwa nyuma ya choo. Amefungwa kwenye kigingi kwa kamba laini, fundo langu mwenyewe, na binti yangu alikuwa anammwagia majivu. Yule mtetea mweusi alikuwa amekwisha kuwa wa kijivu.

Niliwaka. Sikujua kwamba jambo hilo linaweza kuuma hivyo. "Kuku yangu?" nikasema. "Kuku yangu mimi? Na mimi je, nilale hapa pembeni yake?"

Binti yangu akacheka, mikono yake myeupe kwa majivu. "Mama, ni wiki mbili tu. Mama mukwe njo ameweka sheria. Tangu ulimufundisha na kile kijiti cha ufagio, hakuna kuku ya mugeni inaingia hapa bila karantini. Tena anasema kuku za Kasongo ziko na viroboto sana."

Viroboto wa Kasongo! Nilifungua mdomo kueleza asili ya viroboto wale, kwao, ukoo wao, na pikipiki waliyokuja nayo. Lakini nilichouliza kikawa kingine, maana ndicho nilichokuwa nimekuja nacho toka nyumbani chini ya kile kikapu.

"Na wewe? Ulipofika hapa, walikutenga muda gani?"

Akaacha kucheka. "Hata siku moja, Mama. Siku niliingia, alinishika mukono akanipeleka mupaka chumbani kwake. Akawaambia wote: mama ya huyu alifungulia jogoo yetu na viroboto yake yote, na alijua kabisa kuku zake zitakufa. Sasa sisi tutamufunga mutoto yake juu ya nini?"

Kumbe alikuwa amelielewa somo. Alilielewa siku ileile, amesimama uani kwangu, kabla hajaomba maji.

Nikachuchumaa karibu na kuku wangu, nikamwinua bawa, nikamgeuza. Nikamwambia binti yangu alete majivu mengine, maana chini ya mkia hakupaka vizuri.